Mtoto hutolewa darasani kwenda somo la fidla, na hisabati imeshuka. Nimwachishe?

"Binti yangu ana miaka 9, yuko Gredi ya 4 katika shule ya kibinafsi hapa Nairobi. Tangu Januari anajifunza fidla. Mwalimu huja shuleni kila Jumanne na kuwafunza watoto mmoja mmoja. Zamu ya binti yangu ni saa tatu na nusu asubuhi, kwa dakika 30. Saa hiyo wenzake wana hisabati, kwa hiyo kila Jumanne anaikosa. Muhula wa kwanza ripoti ilisema anafikia matarajio, sasa inasema anakaribia matarajio, na mwalimu wa darasa ameniambia nichague: hisabati au fidla. Baba yake anaona tumhamishie Jumamosi, au ajiunge na kikundi kwa kuwa ni nafuu. Nyumbani hafanyi mazoezi mpaka nigombe, na akiipiga inakwaruza hadi mwenyewe anaiweka chini. Juu ya hayo, mwalimu wa fidla anataka tumlipie mtihani wa Gredi ya 1 ya muziki mwishoni mwa mwaka. Niliambiwa muziki huwafanya watoto kuwa werevu, mbona kwangu ni kinyume? Nimwachishe?"

Mama, usimwachishe bado. Na usikubali kuchagua kati ya hisabati na fidla kabla hujaiomba shule kitu kimoja: saa ya somo lake iwe ikizunguka, isibaki saa tatu na nusu kila Jumanne. Kwa maelezo yako, tatizo kubwa liko kwenye ratiba, na la pili huenda liko kwenye fidla yenyewe. Yote mawili hurekebishika.

Nianze na hisabati, kwa kuwa ndiyo inayokunyima usingizi. Kabla ya kuilaumu fidla, keti na daftari lake la hisabati na karatasi ya mtihani wa mwisho. Pitia daftari ukitafuta Jumanne zote. Ama utakuta Jumatatu inafuatwa na Jumatano bila kitu katikati, ama utakuta zoezi limenakiliwa kutoka kwa mwenzake, majibu yapo lakini hatua za kufikia majibu hazipo. Andika mada zilizofundishwa siku hizo. Ikibidi, azima daftari la mwenzake wa karibu. Kisha geukia mtihani uone maswali aliyokosa. Ikiwa makosa yamerundikana kwenye mada za Jumanne, mathalani kugawanya namba kubwa au kujumlisha sehemu, basi ratiba ndiyo mkosaji. Ikiwa makosa yametapakaa kila mahali, hata kwenye mada alizofundishwa akiwa amekaa darasani, kuna jambo jingine, na kumnyang'anya fidla hakutalitibu.

Kwa nini kipindi kimoja kwa wiki kiumize hivyo? Gredi ya 4 ina vipindi 5 vya hisabati kwa wiki, kila kimoja dakika 35. Muhula wa wiki 13 una vipindi kama 65. Mwalimu wa fidla hafundishi wiki zote: ya kwanza hupotea kwenye kupanga majina, katikati kuna mapumziko mafupi, mwishoni kuna mitihani. Tuseme masomo 11 yanabaki. Yote 11 yakiangukia hisabati, binti yako amekosa karibu kipindi 1 katika kila 6. Hata hivyo hesabu hiyo haisemi hasara yote. Walimu wengi hufuata mwendo unaofanana kila wiki: Jumatatu mada inaanzishwa, Jumanne mbinu inafanywa ubaoni hatua kwa hatua, kuanzia Jumatano ni mazoezi. Mtoto anayetoka Jumanne kila wiki anakosa hatua ile ile ya kila mada, hatua ambayo nyingine zote zinaitegemea. Hisabati husukwa kama mkeka, na ukiruka ukili mmoja, unaofuata hauna pa kushikia.

Kuna pia muda unaovuja. Dakika 30 za fidla haziingii ndani ya kipindi cha dakika 35. Mtoto anatembea hadi chumba cha muziki, anafungua kasha, fidla inatyuniwa, yaani nyuzi zinakazwa au kulegezwa hadi zitoe sauti sahihi, mwishoni inarudishwa, naye anarudi darasani na kutafuta ukurasa. Kwa uhalisia ni dakika 40 au zaidi. Somo likianza katikati ya kipindi, linaharibu vipindi viwili badala ya kimoja. Kwa hiyo omba pia kwamba somo lianze na kengele.

Ratiba inayozunguka ni hivi: wiki hii binti yako anaenda kipindi cha kwanza, wiki ijayo cha pili, wiki inayofuata cha tatu, na wenzake wanasogea vivyo hivyo. Kwa siku yenye vipindi 7, somo lake litagongana na hisabati mara 1 au 2 tu kwa muhula mzima. Kila mwalimu anampoteza mara chache, hakuna anayempoteza kila wiki. Mtindo huu ni wa kawaida sana katika shule za Uingereza, ambako walimu wa ala huzunguka kutoka shule hadi shule. Shule zisizoufuata huwa na sababu moja: ratiba isiyobadilika ni rahisi kwa ofisi. Inapozunguka, watoto husahau zamu, na mwalimu wa fidla hupoteza dakika kumi akimtafuta mtoto aliye maktaba. Dawa yake ni karatasi. Ratiba ya muhula mzima ibandikwe ndani ya mlango wa darasa, nakala iwe kwenye shajara ya mtoto, na asubuhi ya Jumanne umwandikie saa yake kwenye kikaratasi cha kubandika juu ya kasha la penseli. Mtoto wa miaka 9 akishazoea kwa wiki tatu au nne, hakumbushwi tena.

Jihadhari na suluhisho moja linalopendwa na walimu wa darasa: kumtoa wakati wa michezo au mapumziko ili "asikose masomo". Mara moja moja si neno. Kila wiki ni kosa. Mtoto anayekosa kukimbia na wenzake kila Jumanne kwa ajili ya fidla ataichukia fidla, na ana haki. Mapumziko na chakula cha mchana havipaswi kuguswa kabisa.

Je, watoto wanaotolewa darasani kwa ajili ya ala huwa wanabaki nyuma? Swali hili lilishachunguzwa. Mwaka 1985 mtafiti wa Marekani, Edward Kvet, alichapisha matokeo ya kuwalinganisha wanafunzi wa darasa la sita waliokuwa wakitolewa kwenda kujifunza ala na wenzao wa uwezo unaokaribiana waliobaki darasani. Hakupata tofauti ya maana katika kusoma, lugha wala hisabati. Usiyachukue matokeo hayo kama dhamana ya binti yako. Ni wastani wa watoto wengi, na yeye ni mmoja aliyepangiwa ratiba mbaya. Lakini yanatosha kumjibu anayesema kwamba kumtoa mtoto darasani nusu saa kwa wiki lazima kumharibu.

Hata saa ikizunguka, kipindi kilichokoswa hakijifidii chenyewe. Patana na mwalimu wa darasa jambo dogo: siku ya fidla, binti aandikiwe kwenye shajara ukurasa wa kitabu na namba za maswali. Jioni hiyo hiyo afanye maswali matatu ya mwanzo, yale yenye mfano uliofanywa, badala ya kunakili zoezi zima. Kunakili kunajaza daftari na kuacha kichwa kitupu. Akikwama kwenye swali la kwanza, weka alama hapo na kesho yake amuulize mwalimu. Kazi hii ni ya dakika kumi na tano, na ikifanywa siku ile ile huzaa kuliko saa nzima ya Jumapili.

Sasa lile uliloambiwa, kwamba muziki humfanya mtoto kuwa mwerevu. Limetoka mbali na limevimba njiani. Mwaka 1993 jarida la sayansi la Nature lilichapisha jaribio fupi: wanafunzi wa chuo kikuu, si watoto, walisikiliza muziki wa Mozart kwa dakika 10, wakafanya vizuri zaidi katika maswali ya kukunja na kuzungusha maumbo akilini. Faida hiyo ilidumu kama robo saa. Hawakujifunza ala yoyote, walisikiliza tu. Baadaye, mwaka 2004, mtafiti Glenn Schellenberg alichapisha jaribio la watoto 144 wa miaka 6 huko Toronto. Waliofunzwa muziki kwa mwaka mmoja walipanda kidogo zaidi katika vipimo vya akili kuliko wasiofunzwa, alama chache tu. Kisha mwaka 2020 watafiti Giovanni Sala na Fernand Gobet walikusanya majaribio mengi ya aina hiyo na kuyapima pamoja. Kadiri jaribio lilivyofanywa kwa uangalifu, ndivyo faida kwa masomo mengine ilivyopungua hadi kukaribia sifuri. Kwa hiyo usimlipie fidla ili apate hisabati. Mlipie ili ajue fidla: asikie sauti iliyopotoka kidogo na kuirekebisha, asome noti, apige na wenzake bila kuwaacha wala kuachwa. Hayo yana thamani yake bila kuazima sifa ya somo jingine.

Kuhusu pendekezo la baba yake, lina uzito na halifai kupuuzwa. Jumamosi ina faida moja kubwa ambayo somo la shuleni halina: wewe au yeye mnaweza kukaa ndani ya chumba na kusikia mwalimu anachosema, na kwa mtoto wa miaka 9 hilo hubadilisha mazoezi ya nyumbani kabisa. Nairobi ina mahali pa kwenda; Kenya Conservatoire of Music, kwa mfano, ipo tangu 1944. Hasara ni barabara na uchovu. Somo la nusu saa linaweza kula asubuhi nzima, na wiki zenye harusi, matanga au safari ya ushago huwa hakuna somo. Somo la shuleni halihitaji mtu kuendesha gari, ndiyo maana watoto wengi hulihudhuria kwa ukamilifu zaidi. Kuna njia ya kati ambayo wazazi husahau kuiuliza: zamu ya kabla ya kengele ya kwanza, au mara tu baada ya masomo, shuleni hapo hapo. Zamu hizo ni chache na hugombaniwa, kwa hiyo omba mapema, kabla muhula haujafungwa.

Kikundi ni nafuu kweli, lakini piga hesabu ya unachonunua. Watoto wanne kwa dakika 30 ni dakika saba na nusu kwa kila mmoja, tena baada ya fidla nne kutyuniwa. Kwa filimbi ya plastiki au ngoma, kikundi kinatosha kabisa kwa mwaka wa kwanza. Fidla ni ngumu zaidi kwa sababu haina alama ya mahali pa kuweka vidole, na makosa ya mwanzo hayaonekani kwa mbali: kidole gumba cha mkono wa kulia kilichonyooka kama kijiti badala ya kujikunja chini ya upinde, kifundo cha mkono wa kushoto kilichoegemea shingo ya fidla. Yakikaa miezi sita huwa mazoea, na kuyang'oa huchukua muda kuliko kuanza upya. Maoni yangu ni abaki kwenye somo la mtu mmoja mwaka huu, na ajiunge na kikundi cha kupigia pamoja kama shule inacho, maana huko ndiko hamu hutoka. Fedha zikibana, somo la watoto wawili wanaolingana ni afadhali mara kumi kuliko la wanne.

Mazoezi ya nyumbani. Somo la Jumanne halimfunzi mtoto kupiga fidla; linamwonyesha cha kufanya siku sita zinazofuata. Ustadi wa mkono hujengwa kwa marudio mafupi yenye usingizi katikati yake, kwa kuwa ubongo huendelea kulipanga tendo jipya mtoto akiwa amelala. Ndiyo sababu dakika 12 kwa siku 5 hushinda saa nzima ya Jumatatu usiku, ingawa jumla ni ile ile. Asipofanya chochote, Jumanne inayofuata mwalimu atarudia somo la wiki iliyopita, nawe utakuwa umelilipia mara mbili.

Zigawe dakika hizo 12 hivi. Dakika 2 za kutyuni na kukaza upinde. Dakika 3 za upinde mrefu, wa polepole, kwenye nyuzi tupu bila kuweka vidole, kutoka mwanzo wa upinde hadi ncha. Dakika 5 za mahali pagumu tu, noti sita au nane zinazomshinda, polepole, mpaka zitoke sawa mara tatu mfululizo. Dakika 2 za mwisho apige wimbo wowote anaoujua na kuupenda, hata kama ni wa miezi mitatu iliyopita. Watoto wengi hufanya kinyume: huanza wimbo mwanzoni, hukwama mahali pale pale, hurudi mwanzoni, hukwama tena, na baada ya mara nne hulia. Hapo wamefanya mazoezi ya mwanzo wa wimbo na ya kukwama.

Wewe huhitaji kujua noti hata moja. Kaa karibu, fungua daftari la fidla, msomee alichoandika mwalimu, umuulize, "Mwalimu alisema wapi ndipo pagumu?" Daftari likiwa tupu, mwandikie mwalimu umwombe mistari miwili kila Jumanne, mwalimu mzuri hatakataa. Na saa iwe ile ile, kabla ya kazi ya nyumbani au asubuhi kabla ya basi. Baada ya chakula cha usiku mtoto amechoka, na kugombana kutaendelea.

Nimefika kwenye mkwaruzo. Hapa ningekuomba usome polepole, kwa sababu watoto wengi wameiacha fidla wakidhani hawana kipaji, kumbe chombo hakikuandaliwa.

Pima kwanza ukubwa. Fidla za watoto huja kwa vipimo: 1/8, 1/4, 1/2, 3/4, kisha kamili. Wengi wa miaka 9 hutumia 1/2, lakini umri haupimi mkono. Mwekee fidla begani kama anavyoipiga, anyooshe mkono wa kushoto kando yake. Ncha ya kichwa cha fidla iishie kwenye kifundo cha mkono au kufika kiganjani, na vidole viweze kukikunjia kile kichwa huku kiwiko kikiwa kimelegea. Ikiwa lazima anyooshe mkono wote ndipo akifikie, fidla ni kubwa. Usikubali kununua kubwa "atakuwa nayo". Ni afadhali kukodi.

Pili, upinde. Upinde mpya huja na nywele zisizo na rozini, ule ulimbo mgumu wa kahawia unaouzwa ndani ya kiboksi kidogo. Bila rozini nywele huteleza na fidla haingurumi, hunong'ona tu. Rozini mpya nayo ina uso unaong'aa usioshika. Ikwaruze kwanza kwa msasa laini hadi unga utokee, kisha upitishe upinde mara 30 au 40 kutoka mwisho hadi mwisho. Baada ya hapo mara 3 au 4 kwa siku zinatosha, kwani rozini ikizidi ndiyo inayoleta mkwaruzo wa vumbi. Nywele zisiguswe kwa vidole, mafuta ya ngozi huziharibu. Skrubu ya upinde ikazwe mpaka kati ya nywele na ule mti pawe na nafasi ya unene wa penseli, na ilegezwe kila baada ya mazoezi.

Tatu, kidaraja, kile kijibao chembamba kinachobeba nyuzi. Hakigundishwi. Kinasimama kwa mkazo wa nyuzi pekee, na anayekitia gundi anaharibu fidla. Miguu yake yote miwili ilale bapa juu ya ubao, kati ya yale matundu mawili ya pembeni, mkabala na vile vikato vidogo vya ndani. Ukikitazama kwa ubavu, upande unaoelekea mkiani usimame wima. Kila mara nyuzi zinapokazwa hukivuta kuelekea ubao wa vidole, pale vidole vinapobonyeza nyuzi, na kikishainama siku moja kitaanguka kwa kishindo.

Nne, sauti za nyuzi zenyewe. Kutoka uzi mnene hadi mwembamba ni G, D, A, E. Pakua programu ya bure ya kutyuni kwenye simu, na usitazame herufi tu, tazama na namba: G3, D4, A4, E5. Mzazi anayefuata herufi peke yake huweza kuukaza uzi hadi D ya juu, nao ukakatika usoni pa mtoto. Tumia zile skrubu ndogo zilizo mkiani mwa fidla. Vigingi vya kichwani mwachie mwalimu mpaka akuonyeshe. Wakati wa ukame, Januari na Februari hasa, mbao hukauka, vigingi hupungua unene na kuteleza, na fidla iliyotyuniwa usiku hukutwa imelegea asubuhi. Mvua za Aprili zikija hufura na kugoma kuzunguka. Ukienda nayo Mombasa utaona hayo ndani ya siku moja, na si kwamba fidla imeharibika. Wanaopiga taarabu wameishi na fidla katika unyevu wa pwani kwa zaidi ya miaka mia. Jambo ambalo fidla haivumilii ni gari lililofungwa juani. Gundi yake ya asili hulainika kwa joto, na viungo hufunguka.

Uzi ukikatika, badilisha huo mmoja na kuacha nyingine zikiwa zimekazwa. Ukilegeza yote kwa pamoja, kidaraja kitaanguka, na kile kijiti kinachosimama ndani kati ya ubao wa juu na wa chini nacho kinaweza kuanguka. Ukisikia kitu kinagongagonga ndani, usizikaze nyuzi tena; peleka kwa fundi wa fidla, maana bila kijiti hicho ubao wa juu unaweza kupasuka.

Yote yakiwa sawa na bado inakwaruza, basi ni mkono: upinde umeegemea ubao wa vidole, au unakwenda mshazari badala ya kukata nyuzi sawasawa, au unakandamizwa bila kusogezwa. Simama kando yake na kioo. Upinde upite katikati, baina ya kidaraja na mwisho wa ubao wa vidole.

Mtihani una maelezo mafupi. Gredi ya 1 ya muziki haihusiani na gredi ya darasa. Kama ni ya ABRSM, bodi ya Uingereza iliyoanzishwa 1889, mtihani wa kawaida una vipande vitatu vya alama 30 kila kimoja, skeli (noti zinazopanda na kushuka kwa mpangilio) alama 21, kusoma noti papo hapo 21 na usikivu 18. Jumla 150, na kupita ni 100. Kuna hatua iliyo chini yake, Initial Grade, kwa wanaoanza. Mtoto asiyefanya mazoezi nyumbani mwezi huu hana haja ya Gredi ya 1 mwaka huu. Atatumia miezi mitano kwenye vipande vitatu na kufika Januari akiwa hajui kingine. Mwambie mwalimu kwa heshima kwamba mtaangalia tena mwakani, na uulize kama anaweza kupiga kipande kimoja kwenye tamasha la shule. Mtihani ni mzuri kwa mtoto ambaye tayari anapiga mengi. Haumtengenezi ambaye hapigi.

Kuna mambo ambayo hayasubiri barua kwa shule. Alama nyekundu chini ya taya ni ya kawaida. Maumivu ya shingo, bega au kifundo, au ganzi vidoleni, si ya kawaida: asimamishe kupiga, mwalimu amtazame anavyoishika, na yakiendelea wiki moja bila fidla, aonwe na daktari. Na kwa kuwa somo hili ni la mtoto na mtu mzima mmoja, ukague chumba mwenyewe. Mlango uwe na kioo au uachwe wazi, na shule ikuruhusu kuingia somo linapoendelea. Mwalimu wa fidla hulazimika mara nyingine kurekebisha kiwiko au kidole, naye huomba kwanza. Binti akianza kuogopa Jumanne, msikilize bila kumkatiza kabla hujamwita mvivu. Akikwambia jambo la kumgusa isivyofaa, nenda kwa mwalimu mkuu siku hiyo hiyo. Namba ya bure ya kuwasaidia watoto nchini Kenya ni 116.

Wiki hii iandikie shule, nakala kwa mwalimu wa darasa na mwalimu wa fidla, kwa maneno machache: "Naomba somo la fidla la binti yangu lizunguke kila wiki na lianze pamoja na kengele, lisiguse mapumziko wala michezo kila mara, na siku hiyo aandikiwe kazi ya kipindi alichokosa." Omba jibu kabla ya katikati ya muhula. Saa ikishaanza kuzunguka, ipe nusu muhula, kisha rudi kwenye daftari la hisabati kama ulivyofanya mwanzo. Mashimo yakiwa yanazibika, endeleeni. Yasipozibika, kaa na mwalimu wa hisabati ana kwa ana, na umpime mtoto macho na masikio, kwani kutoona ubao ni sababu ya kawaida kuliko muziki.

Shule ikikataa kata kata kubadilisha saa, mhamishie Jumamosi. Na ikiwa binti mwenyewe, fidla yake ikiwa imetengenezwa na mazoezi yamefupishwa, bado hataki mwisho wa muhula ufuatao, mruhusu aache. Soma tu mkataba kwanza: shule nyingi hudai taarifa ya maandishi ya nusu muhula au muhula mzima, na usipoitoa mapema utalipia masomo ambayo hakuhudhuria.